Kundi la familia: Kulwa na Doto wanazunguka Ghuba ya Speke kwa baiskeli

ALHAMISI JIONI

Kulwa: Shikamooni wote. Mimi na Doto tumeamua likizo hii kuizunguka Ghuba ya Speke kwa baiskeli, usiku tunalala kwenye hema. Meli kutoka hapa Mwanza hadi Nansio, tunakatiza Ukerewe mpaka Rugezi, kivuko hadi Kisorya, kisha Kibara, Bunda, Lamadi, Magu, nyumbani. Tunaomba baraka na ushauri.

Mama: Marahaba wanangu. Baraka mnazo. Ushauri wangu ni kwamba mabasi yapo.

Doto: Mama 🙏

Baba Mkubwa Magu: Mwadila wana familia. Kwa nini msipite upande wa Sengerema? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji. Hakuna kusubiri kivuko.

Doto: Mwadila baba mkubwa, shikamoo. Tulilifikiria. Ila ukishashuka darajani barabara ya kwenda Geita inaingia ndani, ziwa linapotea. Sisi tunataka tuwe na maji upande mmoja karibu safari nzima.

Baba Mkubwa Magu: Marahaba. Hapo nimekuelewa.

Mjomba Bunda: Hao watoto wamechagua njia nzuri. Mimi nimebeba samaki kwa baiskeli ya Phoenix kutoka Kibara kuja Bunda enzi za vumbi tupu. Sasa Kisorya mpaka Bulamba ni lami, kilomita 51. Kulwa, mmeweka mizigo wapi?

Kulwa: Shikamoo mjomba. Mabegi ya mgongoni.

Mjomba Bunda: Marahaba. Toeni mgongoni. Mzigo ukae kwenye keria, mzito chini, pande zote mbili sawa, ufungwe kwa mpira wa tyubu. Begi la mgongoni likipigwa na jua la saa saba kwenye vilima vya Ukerewe, mtalitupa. Mgongo uacheni wazi upate upepo.

Doto: Tumekuelewa mjomba. Na tairi?

Mjomba Bunda: Baiskeli zenu ni saizi gani?

Doto: Ya Kulwa 28, yangu 26.

Mjomba Bunda: Ya Kulwa haina shida, maduka ya vijijini yana tyubu za 28 kwa sababu ndizo za baiskeli za mizigo. Ya 26 beba akiba zako mwenyewe. Solusheni, msasa, viraka, pampu, spana ya nati za magurudumu. Ukiegesha baiskeli kando ya barabara, usiisukume kwenye majani. Mbigili hazionekani, na ukizing'oa na kidole umeshachelewa, tairi imeshapumua.

Mama Mdogo (nesi): Mmemaliza baiskeli? Sasa mnisikilize na mimi. Maji ya ziwa. Ninajua mtaona mchanga mweupe na maji yametulia, mtataka kuoga. Kichocho kipo ziwa zima hili, hasa pale pembeni penye majani na konokono. Vijidudu vinatoka kwa konokono, vinaelea majini, vinaingia kwenye ngozi. Si lazima unywe. Kukanyaga tu kunatosha.

Doto: Shikamoo mama mdogo. Tukioga asubuhi mapema je?

Mama Mdogo (nesi): Marahaba. Mchana wa jua kali ndio mbaya zaidi, lakini hiyo siyo ruhusa ya asubuhi. Chota maji, yachemshe, oga kwenye beseni. Au oga ya kisimani. Ya kunywa ni ya kuchemsha au ya vidonge, hata yakionekana meupe kiasi gani.

Kulwa: Na tukilazimika kuingia? Mfano kupanda mtumbwi?

Mama Mdogo (nesi): Ukitoka jikaushe kwa taulo haraka, sugua. Hiyo inapunguza, haiondoi. Mkirudi msikimbilie dawa siku hiyohiyo. Prazikwantel inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaiponyoka. Mnasubiri wiki 6 hadi 8, mnakuja napima, mnameza kwa uzito wenu. Na chandarua. Hema lenye wavu bado linahitaji zipu ifungwe kabla ya magharibi.

Mama: Asante mdogo wangu. Mimi nimeanza kutulia kidogo. Sasa mtalala wapi hasa? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Doto: Tutatafuta ufukwe mzuri kila jioni.

Mjomba Bunda: Hapana.

Mjomba Bunda: Doto, soma pole pole ninachoandika. Ufukwe wa ziwa hili hauna hata hatua moja isiyo na mwenyewe. Ukiona mchanga umetandazwa safi, hauna jani, huo ni uwanja wa akina mama wa kuanika dagaa. Mitumbwi ikirudi asubuhi wanamwaga pale. Ukipiga hema juu yake umewazuia wasipate riziki yao. Ukiona sehemu tupu yenye nyasi fupi kama zimekatwa na mtu, hapo anakula kiboko. Ukiona uchochoro kwenye matete, ndiyo njia yake. Anatoka jioni, anarudi kabla ya jua. Hana ugomvi na wewe mpaka umkute wewe uko katikati yake na maji.

Shangazi Nansio: Na pale ambapo hakuna mtu anayechota maji wala kufua, jiulizeni kwa nini. Mamba.

Doto: Kwa hiyo tusilale karibu na ziwa kabisa? Safari yenyewe ni ya ziwa.

Mjomba Bunda: Mtalala karibu, lakini mtalala kwa watu. Kila kijiji kina mwenyekiti na mtendaji. Kila mwalo una viongozi wake wa BMU, kile kikundi kinachosimamia mwalo. Fika saa kumi, si saa moja usiku. Egesha baiskeli, salimia, eleza mnatoka wapi na mnakwenda wapi, andikeni majina kwenye daftari la wageni. Utaonyeshwa mahali. Itakuwa uwanja wa shule, au nyumbani kwa mtu, au misheni. Na huyo aliyekuonyesha usiku atakuwa anakulinda, kwa sababu umeshakuwa mgeni wake. Ukijificha vichakani unakuwa mtu asiyejulikana, na mtu asiyejulikana anaogopwa.

Mama: Asante kaka. Hapo umesema kama ulikuwa moyoni mwangu.

Binamu Musoma: Nimechelewa, nilikuwa shuleni. Shikamooni wakubwa. Ninawaonea wivu. Angalieni mwezi kabla ya kupanga tarehe.

Kulwa: Mwezi kwa sababu gani?

Binamu Musoma: Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Zamani karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Mkienda kipindi cha giza mtaona ziwa limejaa taa kama mji uko majini. Ila mwaloni hakulaliki, injini na kelele mpaka asubuhi. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika, wanashona nyavu, kuna utulivu na watu wana muda wa kuongea.

Doto: Sisi tunataka taa!

Kulwa: Mimi nataka watu wenye muda.

Baba Mkubwa Magu: Anzeni mwezi ukiwa unafifia. Mtapata vyote.

Shangazi Nansio: Mimi ombi langu ni moja. Nansio mnalala kwangu. Hema lipigeni uani chini ya mchungwa kama mnataka sana hema, lakini ugali wa muhogo na sato mtakula mezani kwangu.

Kulwa: Shangazi tumekubali kabla hujamaliza kuandika ❤️

Doto: Na Ukara tunataka kwenda kuliona jiwe linalocheza.

Mama: Ukara hapana.

(Kimya kirefu)

Shangazi Nansio: Doto mwanangu, mama yako ana sababu. MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 ikitoka Bugorora kwenda Ukara, ikiwa imeshakaribia kufika. Ilitengenezwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Ilikuwa siku ya mnada, watu walikuwa wanarudi na magunia yao. Huku kisiwani hakuna kata ambayo haikuzika. Sisemi msiende Ukara maisha yenu yote, Ukara ni kwetu, watu wanavuka kila siku. Ninasema mkifika gatini mkaona chombo kimejaa, mnakaa chini mnasubiri kinachofuata, hata kama kinachofuata ni kesho. Hiyo ni kwa Ukara, kwa Rugezi na kwa meli ya Nansio pia.

Doto: Nimekusikia shangazi. Ukara tutaiacha safari hii. Na kwenye kivuko cha Rugezi tutavaa maboya hata kama tuko peke yetu.

Mama: Asante Doto.

Mama: Bibi yuko hapa nimemsomea yote. Anasema mbebe michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, ndiyo chakula cha safari, hakiozi na kinashibisha. Anawakaushia yeye mwenyewe.

Kulwa: Mwambie bibi wabeja sana 🙏🙏


JUMANNE

Doto: Tuko Nansio. Meli ilitumia kama saa tatu hivi. Baiskeli tulizifunga chini kwenye mizigo, magurudumu hayakuguswa. Shangazi amechinja kuku juu ya sato.

Shangazi Nansio: Wamefika salama, wamekula, wamelala. Hema liko uani.

Mama: Utukufu kwa Mungu.


JUMATANO

Kulwa: Jamani Ukerewe ni kisiwa cha baiskeli. Tumepishana na mtu amebeba mkungu wa ndizi na mbuzi, tena anapanda kilima. Kila tukisimama tunaulizwa mwatoka wapi. Tumepita Bukindo kuliona jumba la Chifu Lukumbuzya, ghorofa la mwaka 1928, lina mabaraza pande zote. Mzee aliyetupokea ametueleza ukoo wa watemi mpaka mimi nikaomba kalamu.

Baba Mkubwa Magu: Andika. Hao wazee wakiondoka hakuna pa kuuliza.

Doto: Pancha ya kwanza, baiskeli yangu. Mbigili mbili. Mjomba ulisema.

Mjomba Bunda: Umeng'oa zote? Pitisha kidole ndani ya tairi taratibu, mara nyingi moja inabaki.

Doto: Nimekuta ya tatu!!

Mjomba Bunda: Ndiyo hiyo ingekurudisha chini baada ya nusu saa.

Kulwa: Tumevuka Rugezi–Kisorya. Maboya tumevaa mama. Picha hiyo hapo juu.

Mama: Nimeiona. Nimemwonyesha na bibi.


JUMATANO USIKU

Kulwa: Tuko kijiji kimoja kabla ya Kibara. Tulifika saa kumi na nusu, tukaenda ofisi ya kijiji, mtendaji akatupeleka kwa mwenyekiti, mwenyekiti akatupeleka mwaloni kwa mama mmoja kiongozi wa waanikaji. Hema liko nyuma ya nyumba yake, kama hatua mia mbili kutoka majini, kwenye mwinuko. Ziwa tunaliona lote.

Binamu Musoma: Taa zipo?

Kulwa: Zimeanza kutoka moja moja. Sasa hazihesabiki. Doto hajaongea tangu saa mbili, amekaa tu anatazama.

Mjomba Bunda: Mama huyo amewaambia chochote kuhusu kiboko?

Kulwa: Ametuonyesha njia yake, iko upande wa pili wa matete. Na akatuambia mtu akitaka kwenda msalani usiku amwamshe yeye, tusitoke na tochi wenyewe.

Mjomba Bunda: Mpeni heshima zote huyo mama.


ALHAMISI

Doto: Saa kumi alfajiri upepo umetoka nchi kavu kwa nguvu, hema likataka kuondoka. Tukaweka mawe juu ya kila kigingi. Radi tuliziona mbali katikati ya ziwa lakini mvua haikutufikia. Binamu, mbona radi ziko ziwani wakati huku juu nyota tupu?

Binamu Musoma: Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji. Hewa baridi ya nchi kavu inateremka kuelekea ziwani kutoka pande zote, Mwanza, Mara, Bukoba, Uganda. Zikikutana katikati hazina pa kwenda, zinapanda juu, mawingu yanajengeka. Ndiyo maana wavuvi wetu wanaogopa alfajiri kuliko jioni. Mchana inageuka, ziwa ndilo baridi, upepo unatoka majini kuja kwenu. Leo kuelekea Bunda mtausikia mgongoni.

Doto: Tumeusikia! Kuanzia saa saba tulikuwa kama tunasukumwa.

Kulwa: Mimi nataka kusimulia asubuhi. Mitumbwi ilirudi kabla jua halijachomoza. Dagaa wakamwagwa, akina mama wakatandaza kwa mikono na mifagio laini, safu nyembamba ili jua lipite. Niliomba nisaidie. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Unatandaza, unageuza, unafukuza ndege, unaangalia wingu. Wingu likija wote wanakimbia kukusanya, kwa sababu dagaa wakilowa wanapoteza bei, wanaenda kuwa chakula cha kuku. Wengine wameanza kuanika juu ya vichanja vya nyavu, hawaguswi na mchanga, na bei yake ni nzuri zaidi. Yule mama aliniambia mbao na nyavu za kichanja kimoja ndizo anazoweka akiba mwaka huu. Nimekula dagaa tangu nizaliwe na sikuwahi kufikiria kuna mtu anaangalia wingu kwa ajili yangu.

Mama Mdogo (nesi): Uliingia majini?

Kulwa: Hapana mama mdogo. Nilibaki kwenye mchanga. Doto alisaidia kuvuta mtumbwi, alilowa mpaka magotini.

Mama Mdogo (nesi): Doto nakuandika kwenye daftari. Wiki 6.

Doto: Nilijikausha hapohapo! Lakini nitakuja.

Mjomba Bunda: Wamefika kwangu saa kumi na moja. Wako salama. Baiskeli ya Doto rimu ya nyuma ilikuwa imeyumba, spoki mbili zimelegea, nimezikaza. Wanalala ndani leo, nimekataa hema, tembo wanashuka mashambani huku nyakati nyingine.

Mama: Asante kaka. Usiku huu nalala.


IJUMAA

Mjomba Bunda: Wameondoka saa kumi na mbili na nusu, kumekucha kabisa. Nimewaambia kipande cha Bunda mpaka Lamadi wasipite alfajiri na wasipite jioni. Hifadhi ya Serengeti upande wa kushoto, ziwa upande wa kulia, wanyama wanavuka lami kwenda maji. Na malori ya njia hiyo hayana subira, kwa hiyo watoke barabarani wakisikia honi, wasishindane.

Doto: Tumepita geti la Ndabaka. Nyani wamejaa barabarani, na kwa mbali pundamilia. Hatukusimama, tulipiga pedali tu. Mtu amezoea kusikia Serengeti ni mbali, ni ya watalii wa ndege. Kumbe kona yake ya magharibi inakaribia kugusa ziwa letu na daladala zinapita.

Baba Mkubwa Magu: Lamadi mnakula nini?

Kulwa: Wali na sangara. Tuko pale njiapanda ya Bariadi. Upepo sasa unatoka ziwani, unatupiga ubavuni na usoni. Tunaenda kilomita chache chache.

Mjomba Bunda: Pumzikeni mpaka saa tisa. Msibishane na upepo wa mchana, mtautumia nguvu zote na Magu hamfiki. Laleni Nyashimo, Magu ni kesho asubuhi.

Kulwa: Sawa mjomba. Tunafuata.


JUMAMOSI

Baba Mkubwa Magu: Wamepita kwangu saa nne, wamekunywa uji wa karanga. Nimewaambia kubaki kilomita 60 si mchezo baada ya siku zote hizo, wamesema wataivunja Kisesa, wapige hema Bujora.

Doto: Tuko Bujora sasa. Makumbusho ya Wasukuma yako palepale, ngoma za watemi tumeziona. Hema la mwisho. Kesho ni mteremko na foleni ya Igoma tu.

Mama: Bibi anauliza michembe ilitosha?

Kulwa: Imebaki kidogo. Nusu tuliwaachia watoto wa kule mwaloni, na mtoto mmoja alitupa samaki aina ya furu wawili wadogo badala yake, akakataa tusilipe chochote zaidi.


JUMAPILI JIONI

Mama: Wako nyumbani. Wameungua na jua, miguu imejaa vumbi, wanaongea wote wawili kwa pamoja sielewi kitu. Asanteni wote mliowapokea. Mungu awabariki.

Shangazi Nansio: Amina. Waje tena, na safari ijayo nitawapeleka Ukara mimi mwenyewe, kwa chombo nitakachokichagua.

Binamu Musoma: Hema mnaweza kuniazima? Kuna walimu wenzangu wawili wanataka kuanzia huku Musoma.

Kulwa: Chukua. Tumeamua pia tutachanga kidogo kwa ajili ya kichanja cha yule mama. Tumeshaongea naye kwa simu, hataki kupewa bure. Anataka tumpelekee nyavu kutoka Mwanza kwa bei ya jumla, atalipa kwa dagaa msimu huu. Baba mkubwa, wewe unajua duka?

Baba Mkubwa Magu: Ninalijua. Niambie vipimo vya kichanja, nitauliza Jumatatu.

Kulwa: Nampigia kesho asubuhi akishaanika, nakuletea vipimo.

Mjomba Bunda: Doto, ile tyubu niliyokupa ina kiraka kibichi. Usimpe binamu yako kabla hujaizamisha kwenye beseni ukaangalia kama inatoa mapovu.

Doto: Naizamisha sasa hivi mjomba.